Picha ya Eufrasia

Jumamosi mchana nilikwenda Nkololo kumpelekea mama mkwe wangu, Mektilda, sukari na sabuni. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, kwa sababu kwetu mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe. Yeye alikuwa ndani akipuliza moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kuni zimekwisha huku, na moshi wa kinyesi huwala wanawake macho mpaka yawe mekundu. Kwa wekundu huohuo vikongwe huitwa wachawi na kukatwa mapanga. Nafundisha baiolojia sekondari mjini Bariadi, na sijawahi kukutana na upumbavu mwepesi kuelezeka kuliko huo.

Eufrasia, mke wangu na binti wa Mektilda, alifariki mwezi wa pili kwa saratani ya kizazi. Kaka yake, Ndaki, alikuwepo daktari alipotueleza. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mwenye akili. Kisha akaenda kwa mpiga ramli. Simwiti mganga, mganga hutibu. Huyu alipuliza moshi juu ya picha ya marehemu iliyotoka kwangu, akampaka Ndaki dawa nyeusi machoni, akamwambia: aliyemuua dada yako, utamwona hana uso.

"Mwadila, mayu," sauti ilimsalimia mama kwa Kisukuma nyuma yangu.

Alikuwa Ndaki. Weusi umemzunguka macho. Mkononi ana panga.

"Mwadila, mwanangu," Mektilda akajibu kutoka ndani. "Umeshinda na njaa? Ugali unaiva."

"Toka nje, mayu. Nikuone."

"Kikongwe mimi nina nini cha kuonwa? Ingia wewe."

Nilicheka. "Shemeji, funza wanamaliza pamba yako shambani, wewe unakuja kuwinda moshi?"

Akanigeukia. Alipitisha macho kwenye paji langu, mashavu, kidevu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Shemeji," akanong'ona. "Mbona na wewe huna?"

"Sina nini?"

"Mke wangu hana. Mtoto hana. Njia nzima, watu hawana nyuso." Alikuwa akilia. Machozi hayakushuka. Yalinywewa na ule weusi. "Nianze na nani?"

Akaingia jikoni. Nikaingia nyuma yake, kwa mara ya kwanza maishani. Nikaushika mkono wenye panga. Ulikuwa baridi. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukusogea.

Mektilda hakupiga kelele. Alichovya pindo la kanga kwenye maji ya mtungi, akamfuta mwanawe macho kama anavyofutwa mtoto aliyetoka usingizini.

"Yesu, huyu mwanangu haoni. Mfungue."

Basi. Wahubiri wetu wa mjini wangehitaji spika nne.

Weusi ulitoka mwingi kuliko uliopakwa. Ulishuka kifuani. Ukadondoka kwenye majivu. Ukakusanyika. Kisha ukatambaa, ukaupanda mteremko wa sakafu, ukatoka mlangoni.

Panga likaanguka.

"Mayu," Ndaki akasema. "Macho yako mekundu."

"Moshi, baba. Siku zote ni moshi."

Ndaki akatoa ile picha ya dada yake mfukoni, akanirudishia bila kunitazama. Niliipiga mwenyewe, Pasaka ya mwaka juzi. Gauni lipo. Mikono ipo, na pete. Juu ya shingo pako laini, rangi ya karatasi tupu.

Mektilda aliichukua, akaisogeza karibu na yale macho yake mekundu.

"Hapa alicheka vizuri," alisema.

Ndaki akachungulia begani mwake. "Na lile pengo lake linaonekana."

Nimeiweka chini ya darubini ya shule. Haijakwanguliwa. Haijalowa. Haijaungua.

Kanisani nilikuwa namsindikiza mke wangu tu. Majirani wameiona picha, na wanafunzi wangu pia. Wote wananipa pole, wanasema alikuwa mzuri wa sura.

Mimi bado sioni kitu.