Mgeni wa Kumi

Seva ya hospitali ilianguka saa tatu asubuhi, mara ya tano wiki hiyo, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Imekata tena," karani wa kumbukumbu alisema.

"Nina macho," fundi alijibu.

Alikuwa amebadilisha memori, nyaya, hata feni. Kila kitu kilikuwa kizima. Kabati moja la chuma, ambalo mafundi huliita mwenyeji, lilibeba mashine tisa zisizo na umbo. Hizo huitwa wageni, na hugawana memori yake. Mgeni mmoja alitunza taarifa za wagonjwa, na kila mara ndiye aliyeanguka, kwa kunyimwa memori. Na dada yake fundi alikuwa wodini akisubiri kupasuliwa saa nane. Kundi lake la damu lilikuwa humo.

Fundi akaiwasha seva upya. Ndani ya kabati kitu kikagonga mara tatu.

"Karibu!" karani aliitika bila kuinua kichwa.

Seva ikaanguka.

"Wewe," fundi alisema kwa sauti ya chini, "unamkaribisha nani?"

"Anayebisha hodi. Mimi nimelelewa."

"Mlango uko nyuma yako. Sauti imetoka mbele."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi nimemwitika kila mara," alinong'ona.

Fundi akafungua orodha ya wageni. Tisa aliwajua. Wa kumi hakuwa na jina, na alikuwa amekalia karibu memori yote.

"Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe," karani alisema, bila kucheka.

Fundi akamfuta, mgeni akarudi. Akamfuta tena, akarudi, na harufu ikazidi, na kugonga kukaanza upya, polepole, kama mtu mwenye subira anayejua kuwa ndani wapo watu na kwamba mmoja wao, mapema au baadaye, atashindwa kunyamaza. Karani alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

Maandishi yakatokea kwenye skrini: *Niende wapi?*

Hasira ya siku tano ikampanda fundi. Akaandika: *Popote palipo wazi. Hapa pamejaa.*

Kugonga kukakoma. Wageni wakabaki tisa. Saa saba kundi la damu likasomwa, saa nane dada akapasuliwa, na seva haikutikisika.

Jioni fundi alikaa kando ya kitanda. Dada alikuwa bado amefumba macho. Muuguzi aliinama kumfunika, akakunja pua.

"Nani ameunguza nywele?"

Kidole cha dada kikagonga chuma cha kitanda. Mara tatu.

"Usiit..." fundi alianza.

"Karibu, mama," muuguzi alisema. "Umeamka?"