Kengele ya Masista Wasiotoka Nje

Lazarus Otiende, fundi wa mabomba wa Langas, si mtu wa kuzusha mambo. Haya aliniambia mwenyewe, na mpaka leo hapiti barabara ile ya Timboroa.

Agosti ya themanini na sita, masista wa huko Timboroa, wale wasiotoka nje wala kuonwa na mwanaume, walimwita awazibie bomba. Sista Perpetua, mtunza mlango, akamwambia, "Fundi, wewe angalia chini tu, ufuate kengele. Mwanaume akiingia, kengele hutangulia ndio wenzangu wajifiche. Ningoje niilete."

Ilikuwa saa tisa mchana, lakini mvua ya mawe ilikuwa imelitia giza jengo zima. Mara kengele ikalia mbele yake. Otiende akainamisha kichwa, akaifuata. Alisikia milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na viatu vyake mwenyewe kwenye saruji. Alipopunguza mwendo, kengele nayo ikapunguza. Baridi ikazidi, kisha akajikuta anashuka ngazi.

Kwenye ngazi ya nne, mkono ukamshika koti kutoka nyuma.

"Fundi, unaenda wapi?" Sista Perpetua alikuwa akihema. "Si nilisema ungoje?"

"Nafuata kengele, Sista."

Sista akainua mkono wa pili, akamwonyesha kengele, ameukamata ulimi wake isilie. "Tuko na hii moja tu," akanong'ona.

Otiende alitaka kuuliza kule chini kuna nini, ila Sista alikuwa ameshaanza kusali. Kengele ya kule chini ikalia gizani, ikanyamaza kidogo kama mtu anayengoja, halafu ikaanza kupanda ngazi.