Vibawabu vya Ubongo

Maksai aliyelala wiki nzima bila kunyanyua kwato alisimama. Kofia ya shaba ilimeta kati ya pembe zake, miguu ikashika kasi, akauzunguka ua wote wa Taasisi ya Mwendo jijini Dodoma huku watafiti wakishangilia kama wako harusini.

Kazi hiyo ilikuwa ya vibawabu, vijimashine vidogo kuliko chembe ya damu, alivyovibuni Dkt. Nyemo Chidawali. Ndani ya ubongo wa mnyama, amri ya kutembea hubebwa na kemikali iitwayo glutameti, nayo hupokewa na vipokezi, yaani vilango vilivyo juu ya seli. Ugonjwa wa kukakamaa huvivuruga vilango hivyo. Vibawabu, vikiongozwa na ile kofia ya shaba, huketi mlangoni, vikafungua na kufunga kwa wakati wake.

Baada ya ng'ombe ingekuwa zamu ya Mzee Chidawali, baba yake Nyemo, aliyekuwa pale kwenye kiti cha magurudumu, uso umekakamaa kama ubao kwa ugonjwa huohuo.

"Kesho ni mimi, mwanangu?" aliuliza polepole.

"Ni wewe, baba. Lakini tazama kwanza."

Kwao, kila ng'ombe alipewa mluzi wake tangu akiwa ndama. Nyemo akapiga mluzi wa Madoa, yule maksai, apate kumfurahisha mzee. Madoa akapita. Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi. Hata sikio halikugeuka.

Madoa alikuwa ameusahau mluzi wake. Walikuwa wamempima Madoa mwendo, damu, hata usingizi, na hakuna aliyewaza kumwita. Vilango vinavyoruhusu mwendo ndivyo pia vinavyotunza kumbukumbu, na vibawabu havikujua kubagua.

Akamweleza baba yake yote.

"Nitasahau nini kwanza?"

"Sijui, baba. Sitakudanganya."



"Mama yako alifariki ukiwa hujaota jino. Kicheko chake ninacho mimi tu. Niache na kiti changu."

Nyemo alilia bila kujificha. Kisha akapiga magoti mbele yake.

"Alicheka vipi, baba?"

Macho ya mzee yaling'aa. Akavuta pumzi, akajaribu kuyakusanya mashavu amwigize marehemu, lakini uso ukagoma. Akajaribu tena, na tena, hadi mate yakamtoka, na binti yake bado anangoja.