Msamaha wa Bata Mzinga

Mniwie radhi mapema. Hadithi ya kutisha inataka mtu mwenye sauti nzito na uso wa msiba. Mimi nimelelewa jukwaani, hata nikitamka "maiti" watu wanaangua kicheko. Nitaiharibu. Vumilieni.

Ilianza na viatu. Marlene Kovarik, mke wa rais, aliamka ghorofani katika Ikulu ya Marekani akakuta viatu vyake vyote vimezungushiwa karatasi laini na kupangwa sandukuni, kana kwamba muhula umekwisha na familia mpya iko mlangoni. Chumba kilinuka kafuri na sufu iliyoloa.

"Nani kanifungia mizigo?"

"Si sisi, mama," mhudumu alinong'ona. "Ni Bibi Eudora."

Eudora alikuwa mke wa rais wa zamani mno. Asubuhi ya kukabidhi nyumba mumewe alitoka. Yeye aligoma, akafa ameshikilia pazia. Tangu hapo huwafungashia virago wake wa marais wanaomfuata.

Rais Kovarik alifura. "Nina majeshi, nina manowari, halafu ajuza aliyekufa ananishinda chumbani kwangu?" Akaunda kamati. Kamati ikaomba kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba chai.

Zikafungwa nguo. Zikafungwa picha za harusi. Kisha jioni moja ya mvua Marlene alimwita bintiye Odette, wa miaka sita, asiitikiwe, akaifuata harufu ya kafuri ukumbini, akasikia karatasi ikikunjwa polepole, mkunjo baada ya mkunjo, kama kazi ya mtu asiye na haraka na yeyote, akainua kifuniko cha sanduku kubwa, na humo akamkuta mtoto amelala, kazungushiwa karatasi hadi kidevuni, midomo ya buluu, macho wazi, akisema kwa sauti ya kikongwe, "Umebaki wewe tu."

"Atoke yeye," Marlene alimwambia mumewe, "au naondoka na mwanangu. Na Sikukuu ya Shukrani utakula na kamati yako."

Akaitwa Mchungaji Havlicek kutoka kwao Nebraska. Alifika asubuhi ile ambayo rais, kwa desturi ya kila mwaka, husimama bustanini mbele ya kamera kumsamehe bata mzinga asichinjwe kwa sikukuu. Ndani, mchungaji alisoma zaburi huku jasho likimtiririka, akamsukuma Eudora chumba kwa chumba. Ngazi zikalia bila mtu, harufu ikashuka hadi mlango wa bustani.

"Toka, bibi! Hatua moja tu!"

Nje, rais alikuwa amefika penye mzaha wa hotuba. "Namsamehe bata huyu kabisa, pamoja na mwingine yeyote aliyeng'ang'ania nyumba hii bila kuchaguliwa. Akae kwa raha zake!"

Hakuna aliyecheka. Mlango ukajibamiza, mchungaji akajikuta chali, na juu yakasikika masanduku yakiburutwa kurudi.

"Ufute huo msamaha!" Marlene alipiga kelele.

Rais akamgeukia mwanasheria wake. Yule akatikisa kichwa. "Ukishatamkwa haurudi, mheshimiwa."

Mchana huo huo Marlene na Odette waliondoka. Mizigo ilikuwa tayari.

"Ule mzaha," rais aliuliza, macho mekundu, "ni nani aliyeuandika?"

Watumishi wote wakanitazama. Ndiyo, kumwandikia rais vichekesho ndiyo kazi yangu. Na tangu niianze humu Ikulu, aliyewahi kunicheka kwa dhati ni mmoja tu: yuko ghorofani, na hajanyamaza bado.