Alama za Mbonimpa

Jumatatu jina la Mbonimpa lilikuwa na alama mia nne na kumi. Jumanne, Speciose alipowasha kompyuta ya upande wa dirishani, lilikuwa na mia nne na sitini, na tangu jana yake hakuna aliyeingia katika chumba kile. Funguo alilala nazo Mwalimu Pastory. Jenereta lilikuwa limezimika kwa kukosa dizeli, likajazwa asubuhi hiyo.

"Umesoma vibaya," alisema Felicitas, mwanafunzi mwenzake. "Kila siku unalitazama jina hilo kama mke mwenza."

Speciose hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na saba, na shule aliiacha kidato cha pili baba yake alipofariki. Alilima maharage na mama yake kule Isingiro mpaka parokia moja karibu na Nkwenda ilipoachiwa kompyuta mbili na shirika la wakimbizi, Mwalimu Pastory akatangaza kwamba anayetaka kujifunza aje, hata asiye na cheti. Hakuwa mtu wa kuandika ubaoni. "Bonyeza uone," alisema. "Ukikosea, bonyeza kingine. Mashine haiumi." Darasa lenyewe lilikuwa mchezo: herufi zinadondoka kutoka juu ya kioo kama mvua, nawe unaibonyeza kila moja kabla haijagusa chini. Mwishoni unaandika jina lako, mashine inakupanga kwa alama. Atakayekuwa juu mwisho wa mwezi angeandikiwa barua ya kwenda Kayanga, kwenye mradi wa miche ya kahawa, ambako walitaka mpiga chapa na hawakuuliza cheti.

Speciose alikuwa wa pili. Juu yake lilikuwapo jina moja tu.

Mbonimpa walimjua wote. Alikuwa kijana wa Isingiro, mtoto pekee wa Nyirabageni, na kwenye kompyuta hiyohiyo aliandika majina ya watu waliopotezana vitani ili ndugu zao wawapate. Mwaka uliopita mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Kagera, na mwili haukuonekana. Majirani walitaka lizikwe shina la mgomba badala yake, kama anavyofanyiwa mtu asiyerudi, lakini mama yake alikataa, akisema yuko hai ng'ambo ya mto. Kila jioni alimpakulia chakula akakifunika.

"Mwalimu, alama zinaongezeka zenyewe," Speciose alinong'ona.

"Betri ya ndani imechoka," alisema Mwalimu Pastory. "Anayeweza kumshinda hapa ni wewe tu, nawe unahesabu vivuli."

Jumatano zilikuwa mia tano na kumi. Ilikuwa saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula, na chumbani kulikuwa na harufu ya tope na mafunjo mabichi, ingawa mto uko mbali na mvua haikuwa imenyesha. Speciose alicheza mara nne. Mara ya nne alipata mia tano na tano. Alikaa akilitazama lile jina, akili ikimchemka, kisha akapata wazo. Je, akicheza vibaya makusudi, halafu mashine ikimwuliza jina aandike la Mbonimpa? Pengine ingefuta alama kubwa na kuweka ndogo. Hakuna aliyewahi kujaribu. Aliziacha herufi zianguke, akabonyeza tatu tu, na palipotakiwa jina akaandika MBONIMPA.

Orodha ilirudi. Mbonimpa alikuwa palepale, juu. Jina la Speciose halikuwapo tena.

Alinyoosha mkono aizime mashine, lakini herufi zikaanza kudondoka bila yeye kuanzisha mchezo, polepole, moja baada ya nyingine, na vidole vyake vikazifuata, akaviambia viache na havikuacha, akaona mikono yake ikilowa kama aliyeichovya mtoni, maji yakitoka chini ya kucha na kuingia katikati ya vibonyezo, na nyuma ya sikio lake mtu alikuwa akipumua kwa taabu, kama aliyekunywa maji mengi. Felicitas aliporudi alimkuta sakafuni, mikono imekauka, vidole vikiendelea kugonga simenti.

Jioni, nyumbani, Speciose alichambua maharage kwenye ungo.

"Acha kugonga," alisema mama yake.

"Sigongi, mama."

Mama yake alitazama. Vidole vilikuwa vikicheza juu ya maharage kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona, na ungo ulikuwa umelowa. Alijitanda kanga, akamshika binti yake mkono, wakaenda kwa Kokuhirwa, bibi aliyekaa benchi la mbele kanisani kila Jumapili na ambaye watu walimwendea siku nyingine kimyakimya.

"Ni jini, bibi?" Speciose aliuliza baada ya shikamoo.

"Majini ni ya pwani. Huyu ni wa hapahapa." Kokuhirwa alimnusa viganja. "Jina lake ulilifanyia nini?"

Speciose alisema yote, hata lile la kutaka kumshusha. Bibi alisonya.

"Mtu ambaye matanga yake hayajaanuliwa, ukijiita kwa jina lake umejisimika mrithi. Umepokea nyumba yake na kazi yake. Hajakuvamia, mjukuu wangu. Umemkaribisha."

"Atatoka?"

"Akizikwa. Na anayeweza kumzika ni mmoja."

Nyirabageni aliwapokea mlangoni. Nyuma yake, mezani, kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Kokuhirwa alieleza kwa sauti ya chini, na mama yule akasikiliza huku amemkazia macho Speciose kwa hasira, kama mtu anayetukaniwa mwanawe. Kisha akaishika mikono ya binti. Vidole viligonga kwenye kiganja chake, vikatua, vikagonga tena.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya pale mezani," alisema taratibu. "Nikimcheleweshea chakula."

Aliiachia mikono ile.

"Kwa hiyo hayuko ng'ambo."

"Hayuko, dada," alisema Kokuhirwa.

Nyirabageni aliingia ndani. Walisikia sahani ikifunuliwa na chakula kikimwagwa jalalani. Alipotoka alikuwa amebeba shati. "Siwezi kumla mtoto wa mwenzangu ili mimi niendelee kungoja," alisema. "Kakateni mgomba."

Walizika alfajiri, nyuma ya nyumba. Shina lilivishwa shati, likalazwa kwa ubavu, na Nyirabageni akainama shimoni, akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia alale hapo, asitembee tena, kazi yake imekwisha. Udongo wa mwisho ulipoanguka vidole vya Speciose vilitulia. Alilia kwa furaha. Kokuhirwa alimvuta kando.

"Kaburi bado bichi. Ukimhisi tena, hata kidogo, njoo siku hiyohiyo."

Siku ya mwisho ya mwezi Speciose alirudi darasani. Orodha ilikuwa tupu, bila jina hata moja. Alianza kucheza, na herufi zikashuka, zikazidi kasi, na hazikumshinda. Aligeuka kumtazama Felicitas akipita nje na ndoo kichwani, na alipokuwa amegeuka hivyo akasikia vibonyezo vikiendelea kulia chini ya mikono yake, sawasawa, bila kukosea, na harufu ya mafunjo ikapanda taratibu mpaka kooni. Angeweza kuinua mikono. Alijua kwamba safari hii ingemtii.

Aliiacha iendelee. Mashine ilionyesha mia tisa na thelathini, akaandika jina lake mwenyewe.

"Mia tisa," alisema Mwalimu Pastory nyuma yake. "Bila kutazama mikono. Leo hii naandika barua ya Kayanga."

Njia ya kwenda kwa Kokuhirwa ilikuwa kushoto. Speciose alishika ya kulia, barua kifuani, akapita kwa Nyirabageni. Mama yule alikuwa amepiga magoti akipalilia maua juu ya kaburi dogo, na uso wake ulikuwa umepumzika.

"Tangu siku ile nalala usingizi," alisema. "Na yeye amelala, siyo mwanangu?"

"Amelala, mama," alisema Speciose, akiificha mikono ndani ya kanga, maji yakimchuruzika miguuni.