Mtani Aliyekataa Kuku

Nikodemu alilala chali mbele ya tairi la lori, akakunja mikono kifuani kama maiti, akasema, "Mkitaka kwenda Morogoro, nipitieni juu."

Watu wakacheka... wakacheka hadi kushika mbavu!

Na bibi yangu Justa, aliyekuwa ameshapanda juu ya magunia ya mpunga na watoto wake wawili, naye akacheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Aliona kwamba yule mwanaume pale chini anatetemeka.

Jamani, vuteni viti. Hiki kisa kwetu husimuliwa kila mtu akijifanya mjuaji.

Ni mwaka 1957, Ifakara, pale Kibaoni. Mpunga umeshavunwa, watu wametoka mashambani, kipupwe kimeanza kung'ata. Mwaka huo kulikuwa na mafua yanazunguka dunia, lakini kwa watu wa Kibaoni ilikuwa bado habari ya mbali. Ya kusikia kwa wapita njia.

Justa na mumewe Apolinari walikuwa na mpango wao, na ulikuwa mtamu kweli.

Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imemchukua mtoto wao mdogo. Yosefina, wa miaka mitano, alipona, ila ilimwachia kifua kibovu. Akikimbia kidogo tu, kinapiga filimbi. Tangu hapo nyumba ile haikujua kicheko.

Basi Apolinari akaapa. Mpunga ukitoka vizuri, familia nzima inakwenda Morogoro kwenye maonyesho. Huko, walisikia, kuna farasi wa mbao wanaozungushwa na mashine. Mtoto anapanda, muziki unapigwa, anazunguka mpaka aombe mwenyewe kushuka.

Na nani aliwaletea habari za farasi hao?

Nikodemu huyohuyo!

Alikuwa utingo wa lori la Mzee Salimu, mwenye duka kubwa aliyehamia kutoka pwani. Na alikuwa Mngoni, sisi Wapogoro. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na mnaojua utani mnaelewa maana yake. Mtani anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anabeba anachotaka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Krismasi ya nyuma yake alipita mtaa mzima analia kwamba Apolinari amekufa. Majirani wakaja na kuni za msiba, wakamkuta marehemu anakula viazi...

Sasa siku sita kabla ya safari, lori likarudi kutoka Morogoro. Justa alikuwa uani anageuza mpunga kwenye mkeka. Nikodemu akaja, lakini akasimama mbali, kule kwenye uzio wa mabua. Hakutoa mkono. Alipokaribishwa togwa, akatikisa kichwa.

"Shemeji, msiende," akasema. "Kule kuna mafua yanaua. Mimi nimemzika Rosa."

Rosa alikuwa binti yake wa pekee, rika moja na Yosefina, akilelewa na bibi yake hukohuko Morogoro.

Hapa ndipo bibi yangu alipoteleza. Na msimcheke, maana hata wewe mwenye mtani ungeteleza. Kwa mtani, kifo ni mzaha wa kila wiki. Justa akashika kiuno, akamjibu vilevile alivyofundishwa tangu utotoni.

"Umezika halafu hukutuita? Wali wa msiba mmekula peke yenu, Wangoni?"

Nikodemu akamtazama.

Akacheka kidogo, kwa sababu utani una sheria yake, lazima ucheke. Kisha akageuka, akaenda zake.

Yale macho yake yakabaki uani.

Kuanzia jioni ile Justa hakuwa na amani. Yosefina akipiga chafya, moyo wake unaruka. Akilala mchana, mama anasogeza sikio kifuani kwake, anasikiliza ile filimbi. Alipomweleza mumewe, Apolinari alimjibu kwamba yule Mngoni anatafuta kupewa kitu. Akaenda kumuuliza Mzee Salimu dukani. Mzee akasema mafua ni mafua tu, ukinywa tangawizi na ndimu yamekwisha, ila utingo wake naye amesusa kazi ghafla wala hajui kwa nini.

Alhamisi nguo za safari zikapotea!

Gauni jipya la Yosefina, viatu vyake, kaptula ya kaka yake Marselino, vyote havikuwepo kitandani. Jirani alimwona mwizi. Nikodemu, jamani, mchana kweupe, amesimama nje ya dirisha na mti mrefu wenye ndoano, anaopoa nguo moja moja kama mtu anayeopoa kambare. Kaenda nazo zinaning'inia kwenye mti, kaushika mbali na mwili wake. Mtaa ulivunjika mbavu.

Apolinari hakuudhika. Nguo zikichukuliwa na mtani, zinakombolewa kwa kuku, basi. Akakamata jogoo mkubwa kuliko wote, akaenda.

Akarudi na jogoo kwapani.

Hata mlango hakufunguliwa. Sauti ilitoka ndani ikamwambia, "Mtani, rudi na kuku wako."

Apolinari aliliona jambo la kuchekesha. Justa akakaa chini palepale jikoni. Tangu apate akili hakuwahi kusikia Mngoni amekataa kuku wa Mpogoro. Kuku wa utani hakataliwi! Anayemkataa ameacha utani. Na kama Nikodemu ameacha utani, basi yale maneno ya kwenye uzio...

Hakumaliza wazo hilo. Aliogopa kulimaliza.

Mtaniuliza kwa nini hakuvunja safari siku ileile. Angalieni basi. Pale uani Yosefina alikuwa amepanda mchi wa kutwangia, anaruka nao huku anaimba, kampa na jina, Farasi wa Baba. Mwaka mzima mtoto hajacheka, leo anacheka. Wewe ungeanzia wapi?

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi walipanda lori na nguo zao za zamani. Na Nikodemu akaja akalala mbele ya tairi.

Mnaokaa na watani mnajua, hata huko makaburini mtani hulala njiani akazuia watu mpaka arushiwe chochote. Wakamrushia senti. Zikamdondokea tumboni, hakugusa hata moja. Mzee Salimu akapiga honi.

Justa akashuka. Akamsogelea, hatua moja, ya pili.

"Usije karibu, shemeji. Baki hapohapo."

Ubaridi wote ule wa asubuhi, lakini uso wake ulikuwa unachuruzika jasho. Macho mekundu. Kila akivuta pumzi unasikia kitu kinakwaruza ndani.

Akamuuliza swali ambalo mtani haulizwi.

"Mtani... ni utani?"

"Jumapili ile kabla sijarudi nilimpandisha Rosa kwenye farasi," Nikodemu akasema polepole. "Alicheka, shemeji. Kila mtu pale alikuwa anakohoa, mimi nikadhani vumbi. Ijumaa yake nikamfukia."

Nyuma yao watu bado wanacheka, wanamwambia Mngoni aongeze chumvi. Justa aligeuka, akapanda gurudumu, akamshusha Marselino, akamvuta Yosefina kwa kiuno. Mtoto alipiga kelele, akamng'ata mama yake mkono mpaka damu. Kovu hilo bibi alikufa nalo.

"Unaniaibisha mbele za watu kwa mzaha wa Mngoni?" Apolinari akafoka.

"Nenda wewe. Watoto wangu hawaendi."

Apolinari alitupa mzigo chini kwa hasira, akashuka. Nikodemu alipoona watoto wote wawili wamekanyaga ardhi, akajiviringisha pembeni mwenyewe. Lori likapita.

Wadau, siku zilizofuata bibi yangu alikuwa anaishi kwa woga mtupu. Mumewe hamsemeshi. Mtoto hamtazami. Na yeye alikuwa amesogea karibu na mgonjwa, je, kama ameyabeba? Alijitenga, akawa analala jikoni, anawasogezea watoto chakula mlangoni, anahesabu siku kwa punje za mahindi. Nusu ya wakati alijiona mwendawazimu. Pengine Mngoni ana malaria tu. Pengine watoto wenzake Yosefina sasa hivi wanazunguka juu ya farasi, wanapigiwa muziki, na yeye mama mtu kawanyima wake kwa woga wa bure.

Siku ya kumi lori likarudi.

Walikuwa wameondoka watu kumi na mmoja. Walirudi wanane, na mmoja wao alishushwa kwenye mkeka. Maonyesho yenyewe yalikuwa yamefungwa siku ya pili tu baada ya wao kufika.

Apolinari aliyaona hayo akiwa mlangoni mwa duka. Akarudi nyumbani, akakaa juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akafungua mdomo.

"Yosefina yuko wapi?"

"Anacheza nyuma ya nyumba."

Akafunika uso kwa kofia, akalia.

Nikodemu hakufa. Masista wa misheni walikuwa wakimwachia uji mlangoni, na kuna siku waliukuta vilevile wakadhani basi. Lakini alisimama. Siku ya kwanza alipotoka kuota jua, amekonda mpaka shati linamvaa, Justa na Apolinari walikwenda kwake wamebeba kuni na mchele, kama watu wanaokwenda msibani. Kwa sababu walikuwa wanakwenda msibani. Msiba wa Rosa.

Nguo za watoto walizipita njiani. Zilikuwa zinaning'inia kwenye nguzo ya dungu la kulindia ndege, shambani, juani, bado ziko kwenye ule mti wa ndoano. Hazikuwahi kuingia nyumbani kwake. Hakuwahi kuzigusa hata kwa kidole.

Sasa kwenye msiba, kazi ya mtani ni kumchekesha mfiwa. Justa alikuwa ameandaa maneno yake njia nzima. Alipofika akatua kuni, akafungua mdomo, halikutoka hata moja. Akapiga magoti akilia kwa sauti.

Nikodemu akamtazama.

"Mmechelewa, shemeji," akasema. "Wali umekwisha."

Wakacheka wote watatu, machozi yanawatoka, mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Somo langu ni fupi. Mtu wa kukuchekesha kila siku naye hufiwa. Akija siku moja amesimama mbali, amekataa togwa yako, usikimbilie kumjibu. Mwangalie machoni kwanza.

Yosefina yule sasa ni mzee, hajawahi kupanda farasi wa mbao, na kifua bado kinampigia filimbi akipanda ngazi. Ndiye mama yangu. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, bibi Justa alimtuma mtu kwa Nikodemu kuomba ruhusa ya jina, na Nikodemu akadai kuku. Safari hii akampokea.

Mtoto huyo ni mimi. Naitwa Rosa.