Soda ya Mashine

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Duangjai, kule Thailand, mjini Khon Kaen, kwenye maabara inayopima sumu katika damu za maiti.

Mchana huo ilikuwa zamu yake kusafisha mashine ya kupimia chembe. Desturi yao ni kwamba kabla ya kuifungua, mashine huwekewa soda nyekundu iliyofunguliwa, mrija ukiwa ndani, iwe sadaka kwa mzimu unaoaminika kukaa humo. Duangjai, kwa haraka zake, aliiweka na kizibo chake, mrija mweupe akaulaza kando.

"Wee dada, mgeni unampa chupa imefungwa?" mwenzake wa kazi, Wichian, alimtania akitoka kwenda kula. "Akikasirika, mimi simo!"

"Kama ana kiu, atafungua mwenyewe!"

Alizima pampu, akachomoa chanzo cha ioni, yaani kikombe kidogo cha chuma kinachokaa mdomoni mwa mashine, akaanza kukisugua masizi kwa unga laini. Waya wa kikombe ukatoboa glavu aliyovaa, ukamchoma kidole. Hakujali.

Mara umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Likawa giza totoro, hata kiyoyozi kikanyamaza. Akajishikiza kwenye mashine kwa mkono ule ule uliochomwa. Ndipo akasikia fyoo... fyoo... kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija.

"Wichian, acha utani!"

Fyoo.

Umeme uliporudi, alikuwa peke yake. Chupa ilikuwa imejaa, kizibo mahali pake. Lakini mrija ulikuwa umechomoza kutoka mdomo wa mashine, umekuwa mwekundu, na ncha yake imegusa pale glavu ilipotoboka.